Ramani ya Mashimo ya Wasirikwa
Katika nchi ya Sotik, isiyo mbali na mashamba ya chai ya Mogogosiek, yapo mashimo mapana ya Wasirikwa ubavuni mwa vilima. Mary Leakey, aliyechimbua Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937, aliyadhani nyumba. Baadaye John Sutton alionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikijengwa kando. Kwa hiyo mwanafunzi wa akiolojia hana budi kufundishwa papo hapo uwandani kupima ukingo, mlango na chungu ya samadi mteremkoni. Chombo kipokeacho ishara za setilaiti humpa mahali na kimo, na kompyuta huchora ramani. Ila chombo hakijui mlango ulikuwa wapi. Hilo, naona, lafunzwa kwanza kwa macho na miguu. Tena wakati ni mchache: plau ikipita misimu kadhaa, shimo husawazika, wala halipimiki tena.