Saa Kumi na Moja Mpakani

Kwa miezi minne niliijua saa kumi na moja alfajiri kwa sauti tu. Adhana ya kwanza. Breki za malori yakijipanga kuelekea mpakani. Mtu akikohoa pale kituo cha boda. Usidhani nilikuwa nimeamka mapema. Nilikuwa sijalala. Nilikuwa chali kitandani, kwa chumba cha kukodi hapa Burumba, Busia, nikingoja saa sita ya mchana ifike, siku ihesabike imeharibika, nami niache kuijaribu.

Ilikuwa 2024 na nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi bila kazi. Mwanzoni nilisema ni uchovu. Halafu nikaacha kupika, nikaacha kuoga, nikaacha kushika simu. Muuguzi aliyenisikiliza alisema ni sonona, ile ambayo mtaani tunaiita depresheni. Nikaandikiwa dawa, nikapewa tarehe ya kurudi, kisha akaongeza: "Ukiweza, amka mapema utembee. Hata dakika kumi." Nikacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Dakika kumi! Kutoka kitandani hadi mlangoni kwangu ilikuwa kama safari ya Kampala.

Shangazi alipopata habari alikuja na omena na ukweli wake. "Mwanangu, hakuna ugonjwa hapo. Ni uvivu. Hiyo depresheni ni ya wazungu, sisi hatuna."

Simlaumu. Lakini mimi nilisomea historia, na hata kwa hali ile nilijua maneno hayo nimewahi kuyasoma mahali. Shangazi alidhani anasema ya kwetu. Kumbe waliosema kwamba sisi hatuna sonona walikuwa wazungu wenyewe, tena kwa maandishi.

*

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa wendawazimu. Mwaka 1938 ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa ameitumikia serikali ya Kenya tangu 1929. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliiongoza Mathari hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa sababu, kwa maoni yake, hatubebi uwajibikaji wa kibinafsi kama Mzungu. Alifika hadi kulinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi wakageuzwa kuwa watu wenye shida ya akili.

Sasa jiulize kidogo. Ni nani aliyekuwa akipelekwa Mathari enzi hizo? Mara nyingi ni aliyepiga kelele, aliyevunja vitu, aliyekamatwa na polisi. Mtu aliyejifunika blanketi kimya, asiyetaka kula, asiyemsumbua yeyote, nani angemsafirisha hadi Nairobi? Angebaki nyumbani, na majirani wangesema ni mvivu. Neno hilo nalo lilikuwa tayari mdomoni mwa mkoloni: kila aliyekwepa kazi ya mshahara duni kwa shamba la setla aliitwa mvivu, na kodi pamoja na kipande vikatumika kumsukuma. Kwa hiyo daktari alihesabu waliofika kwake, akasema wengine hawapo.

Walioenda kuwatafuta waliwapata. Margaret Field, aliyefanya utafiti kwenye mahali pa ibada za jadi vijijini Ghana na kuchapisha kitabu chake 1960, aliwakuta wanawake wengi wakijishtaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wameharibu kila kitu. Aliwatambua kuwa wagonjwa wa sonona. Na hapa jirani kabisa, John Orley na John Wing waliingia katika vijiji viwili vya Uganda, wakawauliza watu maswali nyumbani kwao. Matokeo waliyochapisha 1979 yalionyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko kwa wale wa Camberwell, London.

Hata maneno yalikuwepo. Watafiti walipofika Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, wenyeji waliwatajia mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia. Nilipoyasoma niliketi kitandani. Sikuwa na maneno hayo kwa Kiswahili changu cha shule, lakini nilikuwa nayo yote mawili kifuani.

*

Kuna swali moja la muuguzi nililolijibu kwa uongo. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nikasema hapana. Nilikuwa naogopa, si yeye, bali sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na mkoloni, ya 1930, katika kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mimi sikuwa nimejaribu lolote, lakini mtu mgonjwa hasomi sheria kwa utulivu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Siku chache baadaye nilirudi kliniki mapema kuliko tarehe yangu, nikalijibu swali lile upya. Hakuna aliyeniita polisi. Muuguzi alivuta kiti karibu, basi.

*

Na mazoezi je? Hapo aliingia jirani yangu, mzee fundi wa baiskeli.

Mji huu ndio uliowapa watu neno boda boda. Miaka ya 1960 na 1970, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda kulikuwa na mwendo wa kumchosha yeyote mwenye mzigo. Vijana wakaweka mto wa sponji kwenye keria ya Black Mamba, wakaanza kuita: boda, boda! Kutoka mpaka hadi mpaka. Malaba wakaichukua haraka. Enzi za Idi Amin bidhaa zilipoadimika upande wa pili, na bei ya kahawa ilipopaa baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil mwaka 1975, magendo yalitapakaa mpaka wote huu. Pikipiki zilikuja baadaye sana. Siku hizi kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018, unagongewa mihuri ya nchi mbili kwa jengo moja, na ule mwendo wa kati hauna biashara tena.

Mzee aliendesha baiskeli hiyo miaka mingi. Nilimuuliza waliwezaje kuamka saa kumi na moja kila siku. Nilitarajia mahubiri kuhusu vijana wa siku hizi.

"Nani alikuambia tuliweza?" akasema. "Ilikuwa njaa, kijana. Magoti yangu ndio haya, yanauma mpaka leo."

Kisha akanisimulia. Mkewe alipofariki, alikaa ndani wiki tatu. Baiskeli ikapata kutu. Wenzake hawakuja na mawaidha. Kila alfajiri mmoja wao alipita na kupiga kengele mlangoni kwake, akangoja kidogo, akaenda zake. Wiki ya nne alitoka, si kwa sababu huzuni ilikuwa imeisha.

"Ukingoja kichwa kikubali, utalala hapo mwaka. Miguu ndio hutangulia. Kichwa utakibeba kwa keria."

Nilikuja kugundua kwamba wataalamu wamezunguka sana kufika pale pale. Nchini Marekani, mwaka 1996, Neil Jacobson na wenzake walitenganisha sehemu za tiba ya mazungumzo, wakaona kwamba ile sehemu ya kumrudisha mgonjwa kwenye vitendo, peke yake, ilisaidia sawa na tiba nzima. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake walichapisha matokeo ya watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi, la pili lilimeza dawa, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu yao ilikaribiana, ingawa dawa zilianza kufanya kazi haraka zaidi. Mimi sikuacha zangu, na wewe usiache zako kwa sababu ya insha.

Hata kule Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya wanakijiji vilivyokutana kila wiki kuzungumza, kwa wiki 16, vilipunguza sonona kwa kiwango kikubwa sana. Hakuna aliyeambiwa ajikaze peke yake.

*

Asubuhi moja ya Februari nikasikia kengele mlangoni. Ngring'. Kimya. Ngring'. Sikutoka. Kesho yake sikutoka. Siku ya tatu nilifika mlangoni, nikasimama na blanketi begani, mzee akaniangalia, akasema "Haya," akaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa mazoezi yangu ya siku ile, na nililala tena kwa uchovu wa kweli.

Wiki iliyofuata nilitembea hadi barabarani. Baadaye akaniazima baiskeli, Black Mamba nzito kama lawama, nikashika njia ya Malaba kuelekea Alupe. Malori yananipita, upepo wake unakusukuma mtaroni kama hujui kushikilia. Nilifika nusu ya njia, nikakaa chini ya mti, nikalia, nikarudi. Sikuwa na furaha. Lakini niligundua nina njaa, na nilikuwa nimesahau njaa inavyokuwa. Nilikula chapati mbili na chai nikiwa nimesimama.

Sasa naweza kutoka siku tatu au nne kwa wiki. Zile nyingine bado kitanda hushinda, na nimeacha kuzihesabu kama dhambi. Kengele haipigwi tena kila siku, ila nikikosa siku tatu mfululizo, naisikia.

Juzi nilimweleza Shangazi habari za Carothers. Alikuwa anachambua mboga, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo daktari aliwauliza watu kwao nyumbani?"

"Hapana, Shangazi. Aliwaona zaidi wale wa hospitali."

"Basi alijuaje?"

Akaendelea na mboga zake. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, kwamba baba yake, yaani babu yangu, aliporudi kutoka kazi ya reli alikaa nyuma ya nyumba mwaka mzima bila kusema na mtu. "Sisi tulisema ni mvivu," akasema. Kisha akaniuliza kesho naamka saa ngapi.