Mshipa wa damu nao unakula

Miaka michache nyuma, nikiwa ndani ya daladala la Gongo la Mboto, mama mmoja alisema mtaani kwao watu wanaanguka tu, kiharusi. Konda akadakia: wanarogana hao! Abiria tukacheka, lakini mimi lile jambo halikunitoka.

Tuanzie Umasaini. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai 400 hapa Tanganyika. Watu wa maziwa na nyama, halafu lehemu yao iko chini! Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaeleza walichokiona kwenye mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha kufariki. Hapo ndipo penye utamu: kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita bila shida. Mann alisema ni kwa sababu ya kutembea. Wengine wakataja maumbile ya kurithi. Mimi niko na Mann.

Kwa nini mwendo? Ndani ya mshipa kuna utando wa seli. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba utando huo hutoa kitu kinachoulegeza mshipa. Baadaye ikajulikana ni gesi, naitriki oksaidi, na mwaka 1998 ikampatia Nobel pamoja na wenzake wawili. Ukitembea, damu inakimbia na kuusugua utando, gesi inatoka.

Tatizo ni mlo wa seli hizo. Zinaendeshwa zaidi na sukari, na hazina mlango mzuri wa kuizuia. Ikijaa kwenye damu inaingia tu. Mwaka 2001 Michael Brownlee alieleza kinachofuata: mitokondria, vile vinu vya nishati, vinazidiwa na kutema oksijeni chakavu inayoiua ile gesi. Mshipa unakakamaa.

Sasa turudi Dar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliotoka vijijini Morogoro kuhamia hapa. Ndani ya miezi 12, wanaume wenye shughuli nzito walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na uzito ukapanda kilo 2.3 hivi. Ajabu, shinikizo la damu lilishuka kidogo. Mji hauui kwa mwaka mmoja, nadhani.

Utafiti mwingine, wa 2003 hadi 2006, ulihesabu kiharusi. Umri ukishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar, 316.