Kibali cha Bunduki na Mahakama Mbili: Kisa cha Arua

Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, aliuawa kwa risasi pamoja na ndugu yake tarehe 8 Juni 2018, karibu na nyumbani kwake Matugga, nje ya Kampala. Siku kumi na mbili baadaye Rais Museveni wa Uganda alilihutubia Bunge, akaagiza kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, kama binadamu achukuliwavyo alama za vidole. Mwezi Agosti kiti cha marehemu kikagombewa. Katika kampeni hizo Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, wakati huo mbunge wa Kyadondo Mashariki, alikamatwa Arua, na siku chache baadaye akafikishwa Gulu mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shtaka la kukutwa na silaha kinyume cha sheria. Raia akasimama mbele ya waamuzi waliovaa magwanda.

Kama bunduki zile zilikuwa zake, tusipoteze wino: waendesha mashtaka wa jeshi wenyewe waliliondoa shtaka hilo Agosti 23. Linalonishughulisha ni kwamba kosa la kutokuwa na kibali lilifika kambini kabla ya kufika kwa hakimu.

Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ni ya kiraia kabisa. Inakataza mtu kununua au kukaa na bunduki bila cheti. Kwa desturi, mwombaji huanzia kwa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akapita kamati ya usalama ya wilaya na polisi, hadi jalada lake lifike kwa Inspekta Jenerali. Wengi hulalamika kwamba njia hiyo ni ndefu. Mimi naiona ndefu kwa haki. Mtaani Awindiri, mjini Arua, mwenyekiti ndiye ajuaye nani hulewa akatishia majirani na nani amegombana na kaka zake juu ya shamba. Kampala haiwezi kuyajua hayo. (Kwamba barua ya mwenyekiti wakati mwingine hununuliwa ni kweli, lakini huo ni ugonjwa wa barua zote.)

Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 ina swali tofauti. Kifungu cha 119 kilimweka chini ya sheria ya kijeshi yeyote aliyekutwa, bila idhini, na silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Hapo neno zito ni "kwa kawaida". Bunduki nyingi za magendo katika ukanda huu zilianzia maghalani mwa majeshi, kwa hiyo karibu kila kesi ya kukosa cheti ingeweza kugeuzwa kesi ya kijeshi, mwendesha mashtaka akipenda.

West Nile, eneo ilipo Arua, inaelewa uzito wa jambo hili kuliko wengi. Huku bunduki na Kiswahili viliingia kwa mlango mmoja, wa kambi. Mwaka 1979, Idi Amin alipoangushwa, askari wake walirudi Koboko na Arua na silaha zao, wengine wakavuka hadi Sudan na Zaire. Amani na waasi wa UNRF II, iliyotiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, ilikuja kwa msamaha: chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, mpiganaji aliacha uasi, akasalimisha silaha, akapewa hati. Nathubutu kusema kwamba hati ya bunduki inayofahamika zaidi huku ni hiyo ya kuirudisha. Watu waliisalimisha kwa sababu waliamini ahadi ya serikali ya kiraia. Kuwatishia leo kwa mahakama ya kijeshi ni kuidhoofisha imani hiyohiyo.

Tarehe 31 Januari 2025, katika kesi ya Michael Kabaziguruka, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Nilidhani mjadala umekwisha. Mei 20 mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF yanayowarudisha baadhi ya raia mbele ya mahakama hizo, na silaha za jeshi zimo katika sababu zilizotajwa. Rais aliyatia saini Juni.