Akili ya Gari na Suala la Kujitegemea

Mtu asimamapo kando ya barabara kuu ipitayo katika mji wa Songea huona malori yaliyobeba makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yakielekea bandari ya Mtwara, na mengine yaliyosheheni mahindi yakipanda kwenda Njombe na Makambako. Hapana hata moja lililotengenezwa Songea. Hata hivyo ni hapa, mbali na viwanda, ambapo huonekana wazi suala walilobishania wenye viwanda vya magari kwa muda wa miaka arobaini: kazi ya kompyuta, ambayo leo ndiyo akili ya gari na ya kiwanda chake, ifanywe na nani? Ifanywe na watu wa nyumbani, au wakabidhiwe wengine kwa mkataba?

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa General Motors ya Marekani. Mwaka 1984 kampuni hiyo iliinunua EDS, kampuni ya kazi za kompyuta iliyoanzishwa na Ross Perot mwaka 1962, kwa dola bilioni 2.5. Nia ilikuwa njema: kompyuta za General Motors zilikuwa zimetawanyika, kila idara na zake, wala hazikuelewana. Lakini Perot hakupatana na wakubwa wa Detroit, na mwaka 1986 alilipwa takriban dola milioni 700 aondoke. Ni wachache katika historia ya biashara waliolipwa ghali kiasi hicho kwa ajili ya kunyamaza. Mwaka 1996 EDS ilitengwa ikawa kampuni ya peke yake, na General Motors ikabaki kuwa mteja wake. Jambo hilo halikuonekana kosa. Kompyuta ya siku zile ilikuwa ya mishahara, ya maghala na ya hesabu. Nani angeona haya kumwajiri mtu wa nje amhesabie misumari?

Kilichobadilika ni gari lenyewe. Breki, injini, hata kufuli la mlango, vikaanza kutii amri zilizoandikwa katika programu. Na kiwanda, muuzaji na dereva wakaunganishwa kwa mkondo mmoja wa habari. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba mwenye kuandika programu hizo si mtumishi wa pembeni tena. Mwaka 2012, chini ya Randy Mott, General Motors ilikiri kwamba sehemu 90 katika 100 za kazi yake ya kompyuta zilikuwa mikononi mwa wengine, ikaazimia kuugeuza uwiano huo katika muda wa miaka mitatu. Mwaka huo huo wafanyakazi wapatao 3,000 wa Hewlett-Packard, kampuni iliyokuwa imeinunua EDS mwaka 2008, walihamishiwa kwake. Kazi ikarudi nyumbani pamoja na watu wake. Gharama ilikuwa sababu mojawapo, lakini si iliyo kubwa. Amwachiaye mwingine kazi kwa miaka mingi hupoteza pia ujuzi wa kuikagua, na asiyeweza kukagua hawezi hata kujadili bei.

Tanzania ililijua jambo hilo mapema, na kwa uchungu. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Uendeshaji wake uliwategemea sana wataalamu wa kigeni. Watanzania waliofunzwa walikuwa wachache mno. Hesabu za Serikali zilipotiwa katika mashini zikavurugika, na ikabidi makarani warejee kalamu na vitabu vyao. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Wako wanaoicheka amri hiyo. Kicheko hicho hakistahili chote, kwa maana ugonjwa ulitambuliwa sawasawa: nchi ilikuwa imenunua mashini bila kununua ujuzi. Dawa ndiyo iliyokosewa. Amri ya kuzuia mashini haikumfunza kijana yeyote kuiendesha.

Songea yenyewe ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 1960, vijana wa TANU walioanzisha kijiji cha Litowa, na baadaye Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, walikuwa na kinu cha kusagia nafaka na mashine ya kupasulia mbao, navyo wakavifanya kuwa shule ya mikono yao wenyewe. Wageni walikuwapo, lakini kama walimu na washauri. Chama kilivunjwa kwa amri mnamo Septemba 1969, mali yake ikachukuliwa, na jaribio likakatika kabla halijapevuka.

Katika miaka ya 1980 kiwanda cha TAMCO huko Kibaha kiliunganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyoletwa kutoka Sweden, na jirani yake shirika la Nyumbu, la mwaka 1985, likajaribu kubuni lori la Kitanzania. Tofauti ya hao wawili ndiyo tofauti ya kukaza bolti na kujua kwa nini bolti ipo.

Hata hivyo kurudisha kazi nyumbani si dawa ya kila ugonjwa. Volkswagen ilikusanya waandishi wake wa programu mwaka 2020, katika shirika ambalo mwaka uliofuata liliitwa Cariad. Programu zikachelewa, na magari ya Porsche na Audi yakachelewa nazo. Mwaka 2024 ikaingia ubia na Rivian ya Marekani kwa ahadi ya hadi dola bilioni 5.8. Lakini kampuni hiyo hiyo ilipofungua kazi ya kuunganisha magari mjini Kigali mwaka 2018, programu ya simu ya kuitia magari hayo iliandikwa na vijana wa Rwanda wa Awesomity Lab. Vipande vya gari vilivuka bahari. Akili ya huduma ilitoka mtaani.

Fundi wa Songea wa zamani alisikiliza mlio wa injini, akanusa moshi, akajua. Lori jipya likizimika leo, huwasha taa katika dashibodi, na ili taa hiyo isomwe hutakiwa kifaa na programu ya kampuni iliyolitengeneza, mara nyingi kwa leseni ya kulipiwa. Fundi aliye na kifaa hicho huja kutoka mbali, na siku anazongojewa huhesabiwa kwa bei ya mzigo ulioketi barabarani. Uamuzi uliofanyika Detroit au Wolfsburg kuhusu nani aandike programu, na nani aruhusiwe kuifungua, huamua pia kama kijana mwenye spana katika gereji ya Songea atagusa injini au atashika tochi tu.