Kukri ya Wanepali na panga yetu: urefu gani, umbo gani, kwa kazi gani

Tangu askari wa Nepal waanze kuja Kongo na kofia za bluu, kwanza na MONUC halafu na MONUSCO, vijana wengi wa Ituri na wa huku Nord-Kivu wamekijua kile kisu chao kilichopinda. Kimo hata ndani ya alama ya jeshi lao, viwili vimepishana. Sasa swali linarudi mara kwa mara, sokoni na hapa redioni: kisu kile hakiwezi kutufaa shambani? Mhunzi akipewa resori ya gari iliyokufa anaweza kukitengeneza. Sasa kijana achukue urefu gani, umbo gani?

Jibu fupi ni hili: kwa kupasua kuni, ndiyo. Kwa kakao, hapana. Lakini inafaa tueleze vizuri, juu ya sababu zilezile zinazofanya kukri isifae kakao ndizo zitakazokusaidia kuchagua panga yako, na hapa Eringeti kuna watu wengi wanaonunua panga kwa kuangalia rangi ya mpini.

Kisu chenyewe

Wanepali wenyewe hutamka khukuri. Wazungu ndio walioandika kukri, na jina hilo likaenea baada ya vita vya 1814 hadi 1816 kati ya Nepal na Kampuni ya Waingereza ya India. Waingereza waliona wapiganaji wa milimani wakiwa na kisu hicho, wakaanza kuwaandikisha katika jeshi lao tangu 1815 kwa jina la Wagurkha. Sifa ya kisu ikasafiri na askari hao dunia nzima. Ndipo pia zikazaliwa hadithi, kama ile ya kusema ukri haichomolewi bila kumwaga damu. Si kweli. Kule Nepal kukri ni kisu cha nyumbani: mama anakatia nayo mboga, baba anapasulia kuni, mchungaji anakata majani ya mbuzi. Ingekuwa ni lazima imwage damu kila mara, hakuna ambaye angepika.

Umbo lake ndilo siri. Chuma kinatoka kwenye mpini kimenyooka, kisha kinapinda kuelekea mbele na kupanuka karibu na ncha. Uzito wote uko mbele. Ukiinua na kuangusha, kisu kinafanya kazi kama shoka ndogo. Mgongo wake ni mnene, milimita 8 hata 10 karibu na mpini, wakati panga ya kawaida ina milimita 2 au 3 tu. Karibu na mpini kuna kitobo kidogo upande wa makali, na maelezo yake ni mengi: wengine wanasema kinazuia utomvu na damu visiteremke mkononi, wengine wanakipa maana ya dini ya Kihindu. Ndani ya ala ya ngozi huwa kuna visu viwili vidogo: karda kwa kazi ndogondogo, na chakmak ambayo haina makali, ni ya kunolea na kupigia jiwe la moto.

Mitindo ni mingi lakini miwili inatosha kujua. Sirupate ni nyembamba na ndefu, jina lake linatokana na jani la nyasi inayoitwa siru. Ni nyepesi, inakata vichaka na matawi madogo. Bhojpure, kutoka eneo la Bhojpur mashariki mwa Nepal, ni pana na nene, ni ya kuni na miti. Kwa urefu, ya kazi za kila siku huwa na chuma cha sentimita 25 hadi 30. Zile kubwa za sentimita 40 na kwenda juu ni za sherehe, au za kukata kichwa cha nyati kwa pigo moja wakati wa sikukuu ya Dashain. Kwa hiyo anayetaka kabisa kukri ya kuni, amwambie mhunzi: umbo pana, chuma cha sentimita 28 hivi, isizidi. Wahunzi wa Nepal nao wanatumia resori za magari, sawasawa na wa kwetu, basi malighafi si shida.

Kakao inaomba nini

Tunda la kakao halioti kwenye ncha ya tawi kama embe. Linaota kwenye shina lenyewe na kwenye matawi mazee, kutoka kwa vivimbe vidogo ambavyo maua hutokea kila mwaka palepale. Ukikata kivimbe hicho, umekata matunda ya mwaka huu na ya miaka inayofuata. Hapo ndipo kisu kizito mbele kinageuka adui. Kukri haijui kukata kidogo. Ikianguka, inaingia. Panga ndefu ya inchi 24, yaani sentimita 61, nayo ina ubaya wake: ncha iko mbali na mkono, na unapokata tunda la juu unachubua ganda la tunda la chini.

Kwa kuvuna, kamata kifaa kifupi chenye makali mazuri. Panga ya inchi 14 au 16 (sentimita 35 hadi 40) inatosha kwa matunda unayoyafikia kwa mkono, na wengine wanatumia makasi ya kupogolea, hayo ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Kata kikonyo, acha kipande kidogo kwenye mti, usivute wala kupindisha. Kwa matunda ya juu usirushe panga na usipande mti. Funga kisu cha ndoano kwenye mti mrefu, kile kinachokata kwa kuvutwa.

Kupasua tunda ni jambo lingine, na hapa wakulima wengi watanikatalia. Panga inapasua haraka, kweli. Lakini inaingia mpaka kwenye mbegu, na mbegu iliyokatwa huingiwa na ukungu wakati wa kuchachusha na kukausha. Mnunuzi akipasua mbegu zako chache kuangalia ndani na kukuta ukungu, bei inashuka kwa gunia lote. Kipande cha mti mgumu kinafanya kazi hiyo vizuri: pigo moja katikati, ganda linapasuka, mbegu zinabaki nzima. Ukishindwa kuacha panga, basi tumia ile fupi na uisimamishe kwenye ganda, usiipitishe.

Shamba lililoachwa

Hii ndiyo kazi inayoomba panga ndefu, na kwa bahati mbaya ndiyo kazi ambayo watu wengi wa huku wanayo. Familia ikikimbia miezi sita, ikirudi inakuta magugu yamefika kifuani, upande wa barabara ya Kainama kama upande wa magharibi. Hapo panga ya inchi 22 au 24, nyembamba na nyepesi, inafyeka bila kukuinamisha sana. Ipime hivi mbele ya kulipa: simama wima, ikamate kwa mpini, mkono uteremke kando ya mguu. Kama ncha inagusa chini au karibu kugusa, ni ndefu kwako. Baba mrefu na binti wa miaka 16 hawawezi kutumia panga moja siku nzima. Kama pesa inatosha kwa panga moja tu nyumbani, chukua inchi 18, sentimita 45 hivi. Haitakuwa nzuri sana kwa kazi yoyote, lakini haitakushinda.

Na ukifika karibu na shina la kakao ndani ya hayo magugu, weka panga ndefu chini. Ondoa kwa mkono au kwa ile fupi. Shina lililojeruhiwa ni mlango wa magonjwa.

Kutazama chuma

Usidanganywe na mchoro. Picha ya mamba iliyochapwa kwenye chuma ilikuwa alama ya kiwanda cha Ralph Martindale cha Birmingham, Uingereza, na Tramontina ni ya Brazili. Lakini picha peke yake si ushahidi wa chuma. Fanya majaribio yako palepale. Sukuma ncha kwenye ubao mpaka panga ipinde kidogo, halafu achilia: inafaa irudi imenyooka. Ikibaki imepinda, chuma ni laini, utainoa kila asubuhi. Igonge na ukucha au kijiti: chuma kizuri kinalia muda, chenye ufa kinasema "tap" na kunyamaza. Muombe muuzaji upitishe tupa kidogo kwenye makali. Tupa ikiteleza kabisa bila kuuma, chuma ni kigumu mno na kitavunjika vipande kwenye jiwe.

Mwisho angalia mpini. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka nyuma, na misumari yake iwe mitatu, isiwe miwili. Panga inayochomoka kwenye mpini wakati wa kufyeka imeshakata miguu mingi. Kukri za zamani zilikuwa na chuma kilichochomekwa nusu tu na kugandishwa kwa lami ya miti. Wagurkha walizipenda hivyohivyo, lakini mimi nisingeinunua ya namna hiyo kwa mhunzi wa hapa bila kumuomba afikishe chuma nyuma.

Ugonjwa unapanda panga

Hii ningependa wasomaji waikumbuke kuliko urefu. Mnyauko wa migomba, ule ambao ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukikata mgomba unatoa usaha wa njano, ulionekana Masisi mwaka 2001 na ukasambaa Kivu. Njia yake moja kubwa ni panga: unakata mgomba mgonjwa, unaenda kukata mzima, umeuambukiza kwa mkono wako. Trakeomikozi, iliyomaliza kahawa ya robusta huku kwetu na kusukuma watu kwenda kwenye kakao, nayo huingia kupitia vidonda vya panga kwenye shina.

Kwa hiyo, yeyote mwenye migomba na kakao awe na mapanga mawili, moja isiguse migomba kamwe. Asiyeweza, apitishe chuma kwenye moto mpaka kiwe cha moto kweli kwa kugusa, au akichovye kwenye maji yenye javeli, kila anapotoka mti mgonjwa. Javeli inakula chuma, kwa hiyo jioni osha, kausha, paka mafuta kidogo ya mawese. Panga nyembamba inapata moto haraka. Kukri yenye mgongo wa milimita 10 itakuomba kuni nyingi.

Njiani

Kuna sababu ya mwisho, ambayo kule Nepal hawahitaji kuifikiria. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritware ya Beni wameuawa kwa mapanga, usiku na mchana, na Eringeti inakumbuka tarehe 29 Novemba 2015 bila kuelezwa. Mtu anayetoka porini na chuma mkononi anatazamwa kwanza kama hatari, kisha kama mkulima. Askari kwenye barieri, jirani aliye peke yake shambani, mama aliyepoteza watoto: kila mmoja anaangalia mkono wako mbele ya uso wako.

Panga kila mtu anaijua. Ikiwa imefungwa pamoja na jembe na bidoni ya maji, inajieleza yenyewe. Kukri haijielezi. Kwa macho ya mtu wa barieri, kisu kilichopinda ndani ya ala nyeusi ya kiunoni ni silaha ya vita, na utaanza kueleza habari za Nepal saa kumi na mbili asubuhi kwa mtu ambaye hajalala. Kama umetengenezewa moja, iache nyumbani kwa kuni za jikoni.

Hata panga, ipe ala. Fundi wa viatu anaweza kuishona kutoka ngozi, au wewe mwenyewe ukaikata kutoka shambreli ya tairi ya moto: kipande kirefu kidogo kuliko chuma, kimekunjwa mara moja, kimeshonwa kwa uzi wa nailoni upande mmoja na chini. Kwenye pikipiki ifunge kwenye mzigo, makali yatazame chini, isikae mgongoni kwako wala katikati yako na motari. Mkienda kundi, chomoeni mkifika shambani, si njiani. Na jioni, hesabuni mapanga kabla ya kurudi. Iliyosahauliwa shambani huenda ikaokotwa na mtu ambaye hakuja kuvuna kakao.