Datsun Iliyoshinda Matope ya Pasaka na Kushindwa na Kutu

Tangu Safari Rally iliporejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje ya orodha hiyo kwa muda unaokaribia miaka 20, haupiti msimu wa mashindano ambao vijana wenye fedha za kadiri na hamu isiyo kadiri hawaulizi ni gari gani la michezo la zamani linalofaa kununuliwa likiwa bovu, likawekwa uani, likafufuliwa polepole kwa saa za jioni na siku za mapumziko. Aghalabu jawabu wanalolitaraji ni Porsche ya Ujerumani au MG ya Uingereza, kwa kuwa hayo ndiyo majina yaliyozoeleka vinywani. Mzee mmoja wa Nairobi, fundi wa bodi, ambaye makala haya yanamtegemea kwa mengi, huwajibu kuwa ni Datsun 240Z, wala hataki kusikia jingine. Nami nilipoisoma taarikhi ya gari hilo sikuona sababu ya kumpinga, isipokuwa katika hukumu moja ya mwaka 1973 ambayo mimi na yeye hatujapatana hadi leo.

Gari lenyewe lilizinduliwa Ujapani mwaka 1969, likiitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa mkuu wa Nissan huko Marekani, alilichukia jina hilo kiasi cha kuwaamuru watu wake wang'oe nembo zake na kubandika namba mahali pake, na kwa bei ya dola 3,526 namba hiyo ikawauzia magari ambayo kiwanda hakikuweza kuyaunda kwa kasi ya kuwatosha wanunuzi. Umbo lake lilitoka katika karakana iliyoongozwa na Yoshihiko Matsuo, ingawa Mjerumani Albrecht Goertz alidai kwa miaka mingi kwamba sehemu ya fakhari hiyo ilikuwa yake.

Huku kwetu gari halikuja kwa sifa ya umbo. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa taadhima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalikuwa yakifanyika Pasaka, wakati wa masika, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote, hata dereva akakutana na lori, ng'ombe na mto uliofurika kwa saa moja. Mwaka 1963 walimaliza 7 tu, na mwaka 1968 wakawa 7 tena. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la nyumbani la milango minne. Na mwaka uliofuata watu hao hao wakapanda 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, wakashinda tena, na nyuma yao akaingia kijana Shekhar Mehta katika gari la aina ile ile. Mwaka 1972 Hannu Mikkola akaja na Ford Escort na kuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuutwaa ushindi.

Hapo ndipo mzee wangu huweka chini kikombe cha chai. Mehta alikuwa mzaliwa wa Kampala, mtoto wa ukoo wenye mashamba, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, naye alilazimika kuhamia Kenya, ilhali hata miezi michache baadaye alikuwa mstarini katika 240Z, akisomewa njia na Lofty Drews, katika mwaka 1973, wa kwanza ambao Safari ilihesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rally. Mpinzani wake wa mwisho hakutoka katika timu ya adui, bali katika timu yake mwenyewe: Harry Källström, Msweden aliyekwisha kushinda rally ya Uingereza mara mbili, akiendesha Datsun 1800 SSS. Kila dakika ya kuchelewa kituoni ilihesabiwa kuwa alama moja ya adhabu. Na mahesabu yalipofungwa, baada ya siku kadhaa za vumbi na tope, ikadhihirika kuwa watu hawa wawili walikuwa wamepoteza alama sawasawa, bila ya kuzidiana hata moja. Waamuzi wakarejea kanuni, nayo kanuni ikasema kwamba panapotokea sare, ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na huyo alikuwa Mehta.

Fundi wangu huona kwamba hukumu ile ilikuwa ya kikarani. Kwa rai yake, maadamu njia imewashinda watu wawili kwa kiasi kimoja, taji lingekatwa vipande viwili, kwani gari huharibika mwishoni na si mwanzoni, na aliyeanza vibaya kisha akamfikia mwenziwe amefanya kazi kubwa zaidi. Mimi namjibu kwamba kanuni iliandikwa kabla ya bendera kuangushwa, na Källström aliijua kama Mehta alivyoijua. Yeye husema, “Mwanangu, wewe hujapata kulisukuma gari kwenye tope,” na mjadala hufungwa hapo mpaka mara nyingine. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na kufariki mwaka 2006.

Sasa turudi uani. Injini ya 240Z haimtishi fundi yeyote aliyelelewa na magari ya Datsun, kwani upana wa silinda zake, milimita 83, na mwendo wa pistoni, milimita 73.7, ni ule ule wa Datsun 1600, isipokuwa hapa silinda ni 6 badala ya 4. Ugonjwa wake ni bati. Betri huchuruza asidi juu ya sahani yake, asidi hiyo ikashuka mpaka kwenye chesi iliyo chini. Sakafu huoza kimyakimya chini ya zulia. Na vizingiti vya milango na matao ya magurudumu ya nyuma huliwa kutoka ndani, hata mtu akaona rangi inang'aa na nyuma yake hamna kitu. Mzee hutembea na sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa, akaipitisha juu ya bodi taratibu, na pale inapokosa kushika yeye hujua kwamba chini ya rangi mna puti tupu, hapo tena hasikilizi hadithi za muuzaji kuhusu injini.

Kazi hiyo imewahi kuwashinda hata wenyewe. Mwaka 1997 Nissan huko Marekani ilinunua magari makuukuu ya 240Z, ikayavua mpaka bati, ikayajenga upya na kuyauza kwa takriban dola 25,000 kila moja, na mradi ukakoma yakiwa yametoka makumi machache tu. Lakini gari la Herrmann la mwaka 1971 hawakulitupa. Lilitunzwa, na wafanyakazi wa kiwanda wakalifufua likaendeshwa tena, ilhali nchi ambazo lilipata utukufu wake katika matope yake zimeyaacha ndugu zake yakatwe yauzwe kwa kilo, jambo ambalo sijui tutalieleza vipi kwa wajukuu.

Wala si rahisi kuleta jingine. Kenya haikubali kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, nayo Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, bila ya kutofautisha baina ya teksi iliyochoka na gari la taarikhi. Kwa hiyo mwenye kutaka na atafute yaliyokwisha kuwamo nchini, na kabla ya kutoa fedha achukue kitambaa chenye mafuta ya taa, asugue ukuta ulio kati ya injini na dashibodi mpaka namba iliyogongwa hapo isomeke, ailinganishe na kadi ya gari. Gari lililoundwa kwa usukani wa kulia namba yake huanza na HS30. Ikianza na HLS30, usukani umehamishwa kutoka kushoto, na hapo bei haina budi kushuka.