Majengo yanayokumbuka, majengo yanayosahau: kutoka Kua mpaka Berlin

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Tuzungumzie usanifu wa majengo ya kumbukumbu, fani ambayo vijana wengi huku kwetu hawajaisikia. Nimeigawa kwa vipengele ili mwenye dakika chache za kompyuta achukue anachotaka aondoke.

1. Ni kitu gani hasa?

Nyumba ya kawaida inakupa kivuli na mahali pa kulala. Jengo la kumbukumbu linaupa mwili wako kazi. Linakushusha, linakubana, linakupotezea mwelekeo, mpaka ujue jambo kwa miguu kabla hujaambiwa kwa maneno. Na mengine yamesanifiwa yapotee, yaani kusahau nako kumepangwa.

2. Njia nne za wasanifu

KUSHUSHA. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana ukaanza palepale. Mwaka 1998 msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden aliweka nje ya kanisa sanamu za watumwa wakiwa shimoni, minyororo shingoni. Tumezoea sanamu za wakubwa juu ya nguzo, unainua kichwa kuzitazama. Pale unainamisha kichwa.

KUACHA TUPU. Makumbusho ya Wayahudi ya Berlin, kazi ya Daniel Libeskind, yalifunguliwa 2001. Ndani yake kuna mapengo ya zege yanayolikata jengo kutoka juu mpaka chini, na hayajajazwa vitu vya maonyesho. Waliouawa hawarudi, kwa hiyo nafasi yao haijazwi.

KUZAMISHA. Mwaka 1986 huko Harburg, Hamburg, Jochen Gerz na Esther Shalev-Gerz walisimamisha nguzo ya mita 12 dhidi ya ufashisti. Wapita njia waliandika majina yao juu yake, na kila sehemu iliyojaa ikashushwa ardhini. Kufika 1993 nguzo yote ilikuwa imezama. Maana yake ni kwamba jiwe halitakukumbukia, kazi hiyo ni yako.

KURUDIA. Hekalu la Ise, Japani, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013. Mbao ni mpya, ila ujuzi ni wa zamani sana. Kinachohifadhiwa ni mikono ya mafundi.

3. Na sisi Mafia je?

Pwani yetu ina ujenzi wa aina mbili. Kuna nyumba ya mawe: matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hiyo inakumbuka kwa karne nyingi. Kuna nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti. Hiyo, ukiiacha misimu kadhaa ya masika, inarudi ardhini kimyakimya.

Sasa nenda Kua, kisiwani Juani. Utaona kuta za jumba la kifalme lililokuwa la ghorofa, misikiti, makaburi. Mji ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika miaka ya 1820, ukabaki mahame. Masimulizi ya wazee yanataja pia kisasi kati ya Kua na Kisimani, ambapo wageni walialikwa harusini, wakaingizwa chumba cha chini, mlango ukazibwa kwa mawe. Kweli au hadithi, mimi siamui. Ila tazama jinsi wazee walivyoihifadhi habari hiyo: ndani ya chumba. Bila chumba, hadithi isingeshika. Kisimani nayo, sehemu kubwa imeliwa na bahari.

Hata Kilindoni yetu imetokana na mji mwingine kuachwa. Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao ya utawala kutoka Chole kuja huku kwenye kina kirefu cha maji. Leo huko Chole mizizi ya miti imekumbatia kuta, huwezi kujua nani anamshikilia mwenzake.

4. Nani amesahauliwa?

Hapa ndipo pananiuma. Magofu ya Kua yanawakumbuka wenye mawe tu. Wavuvi, mafundi na watumwa walioishi kwenye udongo hawana hata ukuta mmoja. Mtalii anapiga picha, anaondoka akidhani mji mzima ulikuwa wa masultani.

Na mawe yenyewe hayana dhamana. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Kule hakuna msanifu aliyepanga kusahau. Jengo likizeeka bila matunzo ya kutosha, linasahau lenyewe.

5. Msimamo wangu

Jumba la Kua lisijengwe upya. Kuta zishikiliwe zisianguke, basi. Pesa na nguvu zinazobaki zijenge pembeni, pasipo na magofu, nyumba tatu nne za udongo na makuti, tupu ndani, bila vyungu wala sanamu. Zikibomoka, vijana wa Juani, Chole na Kilindoni wazijenge tena pamoja na wazee wanaojua kufunga fito na kusuka makuti. Wakati wa kukandika udongo ndio wakati wa kusimulia. Hapo tumechukua utupu wa Berlin na marudio ya Ise, lakini kwa udongo wetu wenyewe. Gharama si kubwa, ila ujuzi huo ukienda kaburini na wazee wa sasa, hakuna mfadhili atakayeurudisha.

Najua wapo watakaosema tunahitaji zahanati na maji kwanza. Hoja nzito, siipuuzi. Lakini mtoto asiyejua kwamba watu kama babu yake waliishi Kua atakuwa mgeni kwenye magofu ya kwao.

Wadau wa Mafia, mlioko nyumbani na mlioko Dar, Tanga mpaka Muscat: wazee wenu wanasimulia nini kuhusu Kua na Kisimani? Andikeni hapo chini kabla hayajasahaulika.